Tapeli kanisomea tarakimu za mwanzo za kadi yangu, sahihi kabisa. Kazitoa wapi?

#1 Nahodha wa Nchi Kavu
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Jana nimepigiwa simu na dada mwenye sauti ya kazi kabisa, nyuma yake unasikia watu wengine wanaongea kama ofisini. Kanitaja majina yangu mawili, akasema yuko kitengo cha usalama cha benki, kuna muamala wa ajabu wameushikilia. Nikamuuliza nitakuaminije? Wala hakukasirika. "Swali zuri, kaka, ndivyo tunavyotaka wateja wetu wawe. Shika kadi yako, nikusomee tarakimu sita za mwanzo, wewe unifuatilie." Kazisoma zote sita, hakukosea hata moja. Kisha: "Sasa na wewe nimalizie zilizobaki ili mfumo ukutambue."

Hapo nikakata.

Swali langu si nifanyeje, hilo nimeshafanya. Swali ni hizo tarakimu na jina langu kazitoa wapi? Mimi nasema kuna mtu ndani ya benki anauza taarifa zetu. Anayebisha aje.

#2 Msomaji Kimya
Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Waya
Nabisha, angalau kwa tarakimu.

Sita za mwanzo si zako, mkuu. Ni za benki iliyotoa kadi. Kila mwenye kadi ya aina hiyo kutoka benki hiyo anazo zilezile, na orodha zake zimejaa mtandaoni. Visa zote zinaanza na 4, Mastercard zinaanza na 5 au 2, zinazofuata zinataja benki. Siku hizi kitambulisho hicho kimerefushwa hadi tarakimu nane, kwa hiyo angeweza kukusomea hata nane ukazidi kushangaa.

Na ile ya mwisho kabisa nayo si siri. Inapatikana kwa hesabu aliyobuni Hans Peter Luhn wa IBM, hataza yake ilitoka 1960. Kazi yake ni kugundua kama umekosea kuandika namba, haimzuii mwizi. Ukitoa hizo, katika 16 zako zinazokuhusu wewe ni kati ya saba na tisa. Hizo ndizo alizokuomba.

#4 Nahodha wa Nchi Kavu
Aisee. Kumbe nilisomewa namba ya benki nikadhani nimesomewa yangu. Haya, na jina je? Na alijuaje mimi ni wa benki ile? Hapo Fundi hujanijibu.

#5 Kipepeo77
Jina ni rahisi. Kuna programu za kukuonyesha jina la anayepiga. Unadhani majina yale zinayaokota wapi? Mtu akiipakua anaruhusu isome orodha yote ya namba kwenye simu yake. Wewe hujaipakua, ila shemeji yako kaipakua, na kwenye simu yake umeandikwa jina lako na pengine "wa Benki" pembeni. Basi umeshatangazwa.

#6 Karani wa Zamani
Mnamwonea shemeji bure. Taarifa zinavuja kwa wingi kutoka kwenye makampuni makubwa kabisa. Mwaka 2017 Equifax ya Marekani ilivujisha taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Hiyo ni kampuni ambayo kazi yake ndiyo kutunza taarifa za watu! Sasa hesabu hoteli, hospitali na maduka ya mtandaoni uliyowahi kuwaandikia jina na namba. Tapeli hahitaji mtu wa ndani, ananunua faili.

#7 Nahodha wa Nchi Kavu
Faili la hoteli haliandiki benki yangu ni ipi.

#8 Karani wa Zamani
Ulilipa kwa nini pale hotelini, kwa kuimba?

#9 Msomaji Kimya
😂😂 Nahodha kazama.

#10 Mama Wawili
Hamjambo. Niwape kisa cha mjomba wangu, maana kinatofautiana kidogo na cha Nahodha.

Mjomba ni mhasibu mstaafu, mtu wa kuhesabu chenji mara mbili. Kapigiwa: "Kuna mtu anatoa pesa kwenye akaunti yako sasa hivi tunavyoongea, tunamwona." Wakamwambia, atapokea meseji yenye namba ya uthibitisho. Na hapa ndipo walipomaliza kazi, sikilizeni maneno: "Meseji itakuambia usimpe mtu yeyote. Ni kweli, usimpe mtu, hata mimi usinitajie. Bonyeza tu tarakimu hizo kwenye simu yako, mashine itazipokea." Mzee akafurahi kuona watu wanaojali siri. Akaweka spika, akabonyeza.

Baadaye tulikaa naye tukaifungua ile meseji. Mstari wa kwanza una namba. Mstari wa pili umeandikwa kabisa: namba hii ni ya kusajili kifaa kipya kwenye akaunti yako. Lakini unapokuwa kwenye simu, meseji inachungulia juu ya kioo kwa sekunde chache, unaona tarakimu tu, na huku mtu anakuharakisha sikioni. Hakuwahi kuufikia mstari wa pili.

#11 Fundi Waya
Pole kwa mjomba, dada. Hiyo ya kubonyeza inafanywa na mashine siku hizi, hata sauti inayokupigia inaweza isiwe ya mtu. Kila kitufe cha simu kinatoa mlio wake wa sauti mbili zilizochanganywa, ni mpangilio ulioanza kutumika Marekani 1963, na upande wa pili kompyuta inausoma ule mlio kama maandishi. Kubonyeza na kutamka ni kitu kilekile.

Na ulichosema kuhusu mstari wa pili ndicho kitu cha maana kuliko vyote humu mpaka sasa.

#12 Mlalahai Mjanja
Samahani lakini watu wanapenda kujitetea. Anayepigwa ni mwenye tamaa au asiye na shule. Mimi hakuna tapeli atakayeniingiza mjini.

#13 Mama Wawili
Tamaa ya nini, kaka? Mzee hakuahidiwa hata senti. Aliambiwa za kwake zinaibwa.

#14 Karani wa Zamani
Mlalahai, Julai 2020 wafanyakazi wa Twitter walipigiwa simu na watu waliojifanya wenzao wa kitengo cha kompyuta, wakatoa njia ya kuingilia mitambo ya ndani. Zikatekwa akaunti za Barack Obama, Joe Biden, Elon Musk, na aliyeonekana kinara wa kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka 17 wa Florida. Hao wafanyakazi nao hawana shule?

#15 Mlalahai Mjanja
Mbona simu nyingi ni za kipuuzi basi? Mtu anapiga, Kiswahili kibovu, hajui hata jina la benki vizuri. Anayeingia mkenge kwa huyo ana matatizo yake.

#16 Kalamu Nyeusi
Kwa hilo kuna maelezo. Mtafiti Cormac Herley wa Microsoft aliandika 2012 kwamba hadithi mbovu ni chujio la makusudi. Kumshughulikia mtu mmoja mmoja kunamgharimu tapeli muda, kwa hiyo anataka wenye mashaka wajiondoe mapema wenyewe, abaki na wale tu watakaofika mwisho. Wewe uliyecheka ukakata, umemsaidia kazi.

#17 Fundi Waya
Herley alikuwa anazungumzia barua pepe za urithi hewa, Kalamu. Simu za benki ni mchezo mwingine. Dada wa Nahodha hakuwa anachuja watu, alikuwa anashawishi wenye mashaka, tena kwa ustadi. Ukisema "swali zuri" kwa mtu anayekushuku, umeshamlegeza.

#18 Kalamu Nyeusi
Inawezekana ni makundi mawili tofauti. Sing'ang'anii.

#19 Kaunta Namba Tatu
Nimesoma uzi wote. Nafanya kazi huduma kwa wateja kwenye benki, siitaji. Nahodha, watu wa ndani wanaouza wapo, wanakamatwa na kufukuzwa. Lakini mtu wa ndani anaona salio lako na miamala yako. Angekuwa na mtu wa ndani, yule dada angekutajia malipo yako ya mwisho, asingehangaika na tarakimu sita. Kutumia kwake hizo sita kunaonyesha hana kingine.

Kuhusu kujilinda: sisi huwa tunapiga kweli, msidanganyane kwamba benki haipigi kamwe. Ila hatuulizi namba ya siri, hatuulizi namba tatu za nyuma ya kadi, hatuulizi namba iliyokuja kwa meseji, na hatumwambii mteja ahamishe pesa kwenda "akaunti salama". Akaunti hiyo haipo.

#20 Mama Wawili
Kaunta, ngoja hapo hapo. Benki yangu ilinipigia, ni wao kweli maana nilihakiki baadaye. Kitu cha kwanza: "Kwa usalama wako, tutajie tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mama." Wao ndio wamenipigia, halafu mimi ndiye nijitambulishe? Mmetuzoesha wenyewe kumjibu yeyote anayepiga na sauti ya ofisi, kisha tukiibiwa mnasema hatukuwa makini.

#21 Kaunta Namba Tatu
Dada, sina cha kubisha. Utaratibu unatutaka tuhakikishe hatuongei na mtu mwingine kuhusu akaunti yako. Ukiniambia "nakata, napiga mwenyewe", mimi sichukii, wala hakuna alama unayopata. Wengi wetu tunapumua.

#22 Mlalahai Mjanja
Mimi nawapa mtihani. Nawataja tarehe ya uongo, wakiikubali najua ni matapeli.

#23 Fundi Waya
Na wakiikataa? Kwenye faili walilonunua tarehe yako ya kweli ipo. Watakuambia "hapana kaka, hiyo si sahihi", na wewe ndiyo utawaamini kabisa. Mtihani wako unawanasa wavivu peke yao.

#24 Mlalahai Mjanja
Sawa profesa.

#25 Bundi wa Usiku
Mbona hakuna aliyetaja namba kuonekana ni ya benki yenyewe? Dada yangu alipigiwa, kioo kikaandika jina la benki kwa sababu alikuwa ameihifadhi. Hapo utakataaje?

#26 Fundi Waya
Jina linalotokea kwenye kioo linawekwa na simu yako baada ya kulinganisha namba, na namba inatumwa na anayepiga. Kwa simu za intaneti mtu anaweza kuandika namba aitakayo, mtambo unapitisha. Hata meseji za bandia huingia kwenye mazungumzo yaleyale zilipo meseji za kweli za benki, chini yake kabisa, kama zimetoka mkono mmoja.

Marekani ilitunga sheria mwisho wa 2019, na kampuni kubwa za simu zikapewa hadi 30 Juni 2021 kuweka mfumo wa kuthibitisha namba uitwao STIR/SHAKEN. Unasaidia kwenye njia za intaneti tu. Simu ikipita kwenye mitambo ya kizamani ule uthibitisho unadondoka njiani.

#27 Bundi wa Usiku
Shukrani. Kingine: wakuu, pigeni *#21#, itawaonyesha kama simu yenu inasikilizwa. Nilitumiwa na mtu anayejua.

#28 Fundi Waya
Huyo anayejua hajui. *#21# inaonyesha kama simu zako zimehamishiwa namba nyingine, basi. Haionyeshi usikilizaji wowote.

Lakini kuhamisha simu ni hatari ya kweli, tusiipite. Tapeli anakuambia "laini yako ina hitilafu, bonyeza **21* kisha namba hii, malizia na #". Ukifanya hivyo, simu zako zote zinakwenda kwake, pamoja na ile ya mashine ya benki inayosoma namba ya uthibitisho kwa sauti. Hapo anachagua "nipigieni" badala ya "nitumieni meseji". Kuondoa ni ##002#, ingawa kwenye baadhi ya mitandao itakuondolea na kisanduku cha sauti. Mtu yeyote akikuagiza ubonyeze kitu chenye nyota na alama ya reli, kata.

#29 Kipepeo77
Na laini ikipoteza mtandao ghafla bila sababu?

#30 Karani wa Zamani
Kimbia kwa kampuni ya simu kupitia laini nyingine. Inawezekana namba yako imehamishiwa laini mpya mikononi mwa mtu. Agosti 2019 hilo lilimpata Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo, wahuni wakaandika upuuzi kwenye akaunti yake mwenyewe. Na anayekwenda kuomba laini mpya kwa jina lako atahojiwa: umezaliwa lini, simu ya mwisho ulimpigia nani. Sasa rudi kwenye simu ya Nahodha. Huenda tarakimu za kadi zilikuwa kiini macho, na walichotaka ni maswali ya baadaye.

#31 Nahodha wa Nchi Kavu
Karani usinikoseshe usingizi.

#32 Kalamu Nyeusi
Ndiyo maana Taasisi ya Viwango ya Marekani, NIST, kwenye mwongozo wake wa 2017 iliweka namba za meseji kwenye kundi la njia za kutumia kwa tahadhari. Programu inayotengeneza namba ndani ya simu yako, inayobadilika kila sekunde 30, haiibiwi kwa kuhamisha laini.

#33 Mama Wawili
Ila inaibiwa kwa kumwambia mzee aisome kwa sauti, Kalamu. Mjomba angesoma na hiyo.

#34 Kalamu Nyeusi
Kweli kabisa. Sekunde 30 zinatosha.

#35 Msomaji Kimya
Swali la mjinga: nikikata nikapiga benki papo hapo, je, tapeli anaweza kuwa bado yuko hewani? Nilisikia hivyo.

#36 Karani wa Zamani
Ndiyo, wanabaki kwenye laini, wanakuwekea mlio wa kupiga wa bandia, unadhani umefika benki. Subiri dakika kadhaa au tumia simu nyingine.

#37 Fundi Waya
Sahihisho: hiyo ni ya simu za mezani. Kwenye baadhi ya mitandao ya mezani aliyepigiwa akiweka mkono wa simu chini, laini haifi mpaka aliyepiga akate. Uingereza matapeli waliutumia sana mwanya huo hadi kampuni zikaupunguza muda kuwa sekunde chache. Ya mkononi ukikata imekatika.

Kinachowamaliza wa simu za mkononi ni kutafuta "namba ya huduma kwa wateja" mtandaoni kwa haraka na kupiga ya kwanza wanayoiona. Matapeli wanaziweka huko makusudi. Tumia iliyoandikwa nyuma ya kadi, uibonyeze kwa kidole chako.

#38 Mlalahai Mjanja
Mimi nikipigiwa nawapotezea muda tu. Najifanya babu, natafuta miwani nusu saa.

#39 Bundi wa Usiku
Kampuni ya O2 ya Uingereza ilikutangulia. Novemba 2024 walimtoa "Daisy", bibi wa kompyuta anayeongea na matapeli kuhusu paka wake na kufuma sweta, anawashika hadi dakika 40.

#40 Mlalahai Mjanja
Huyo bibi nampenda 😂

#41 Kalamu Nyeusi
Mimi siwachezei. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na wapatao 100,000 Kambodia wanashikiliwa kwa nguvu wafanye utapeli wa mtandaoni. Walikwenda wakijua wamepata ajira. Anayekupigia anaweza kuwa na mtu mwenye kirungu nyuma yake.

#42 Mama Wawili
Namwonea huruma, lakini pesa ya mjomba haijarudi.

#43 Karani wa Zamani
Tena sauti yenyewe si ushahidi tena. Mwaka 2019 bosi wa kampuni moja ya nishati Uingereza alituma euro 220,000 baada ya kusikia sauti ya mkuu wake wa Ujerumani, lafudhi na yote. Ilikuwa ya kompyuta. Kwetu tumekubaliana neno la siri la familia, asiyelijua hapewi kitu.

#44 Kipepeo77
Na mama akilisahau kwa hofu akiwa kwenye shida ya kweli?

#45 Karani wa Zamani
Nakata, nampigia kwa namba ninayoijua.

#46 Kipepeo77
Basi hata neno lenyewe la nini?

#47 Nahodha wa Nchi Kavu
Nimerudi. Nimepiga benki, wamenifungia kadi na watanipa nyingine. Nikawauliza kuhusu mtu wa ndani, wakajibu "tunalichukulia kwa uzito". Mnajua maana yake.

Mpaka sasa nina shemeji, hoteli, faili na maandalizi ya kuiba laini. Hakuna hata kimoja kilichonielea moja kwa moja.

#48 Kalamu Nyeusi
Ongeza kingine. Kabla ya hapo hukuwahi kupigiwa na mtu wa "utafiti mfupi", labda anauliza unaridhika na benki gani?

#49 Nahodha wa Nchi Kavu
Kuna mmoja alipiga kuuliza huduma gani za kifedha natumia. Nilimjibu, nilikuwa kwenye foleni nimeboreka. Lakini jina hakuniuliza!

#50 Kipepeo77
Hakuhitaji, jina walikuwa nalo tangu mwanzo. Narudi kwa shemeji.

#51 Kaunta Namba Tatu
Au alipiga namba ovyo ovyo mia moja, kadhaa wakajibu, na sasa ana orodha yake mwenyewe.

#52 Mgeni Njiani
Wakuu samahani kuingilia kati. Nimepigiwa muda si mrefu, wamejua majina yangu yote matatu na benki, wamesema watapiga tena baada ya nusu saa, nisiongee na mtu yeyote kuhusu uchunguzi huu. Namba ni ya benki, nimeihakiki. Nifanyeje?

#53 Fundi Waya
Usisubiri wapige. Toa kadi, geuza, piga iliyoandikwa nyuma, sasa hivi. Uliyoihakiki ni namba iliyotokea kwenye kioo, nayo tumeshasema inaandikwa na anayepiga. Na benki haikukatazi kuongea na watu.

#54 Nahodha wa Nchi Kavu
Halafu utuletee mrejesho, Mgeni. Tuambie pia lile jina la kati unalitumia wapi na wapi, maana hilo kwenye simu ya shemeji haliandikwi.